Ngitili: kulisha ng'ombe mwaka mzima bila marobota ya hei

Kukata majani, kuyaanika, kuyafunga marobota, kuyabeba na kuyajengea banda ni kazi inayolipa kwa ng'ombe wa maziwa anayefugwa ndani. Kwa kundi la zebu ishirini au thelathini linalochungwa Shinyanga, Simiyu, Tabora au Dodoma, mara nyingi hesabu haikubali. Njia rahisi zaidi ni kuyaacha majani pale pale yalipoota, yakauke yakiwa yamesimama, kisha ng'ombe wayafuate wenyewe kwa kipimo. Wasukuma huliita eneo hilo lililotengwa ngitili. Wamaasai wana olopololi, malisho ya karibu na boma yanayohifadhiwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimesalia mkoani zilikuwa chache mno. Wanavijiji wakazirudisha hadi zikafika mamia ya maelfu ya hekta, na nyingi zilirudi kwa kufunga eneo tu na kuacha visiki na mbegu zilizokuwamo udongoni vichipue.

Ngitili haitoshi peke yake. Kuna mambo matatu yanayoangusha wafugaji wengi hata wakiwa na nyasi za kutosha: kufungua mapema bila kuhesabu, kusahau kwamba nyasi kavu hazina protini, na kuishiwa wiki ile ile mvua inapoanza. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo matatu. Miezi inayotajwa ni ya maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi katikati ya Mei. Penye misimu miwili, kama Kajiado au Ukambani, miezi itabadilika lakini hesabu ni ile ile.

Kugawa eneo na kufunga

Gawanya malisho yako mafungu matatu. La kwanza ni la kuchungia wakati wa mvua. La pili ni ngitili ya kufungwa tangu mvua za kwanza. La tatu ni ngitili ya kuchungwa kidogo mwanzoni mwa msimu na kufungwa mwishoni mwa Februari.

Mafungu mawili ya mwisho hayafanani, na tofauti yake ni muhimu. Nyasi zilizofungwa tangu Novemba huwa nyingi, lakini kufikia Juni zimejaa mashina na majani yake ya chini yameshaoza. Nyasi zilizochungwa hadi Februari zikaachwa ziote upya kwa wiki kumi za mwisho za mvua huwa chache, lakini zina majani mengi kuliko mashina, na ng'ombe huzila bila kubagua. Kwa hiyo fungu lililofungwa Februari liwe la ng'ombe wenye mimba, mitamba na ndama walioachishwa. Lile lililofungwa mapema ndilo la kujaza matumbo ya maksai na ng'ombe wakubwa wasionyonyesha.

Usichelewe kufunga kupita mwanzoni mwa Machi. Nyasi zinahitaji wiki sita hadi nane za unyevu ili zijaze. Ukifunga Aprili na mvua ikakatika mapema, utakuwa umefunga ardhi tupu.

Eneo lililochakaa kabisa, ambalo udongo unaonekana katikati ya mashina, lifungwe msimu mzima wa kwanza, na liguswe Septemba tu, mbegu zikiwa zimeshadondoka. Kwato za ng'ombe zitazifukia.

Fungu la kuchungia wakati wa mvua lina kanuni yake. Lisilishwe lote kwa pamoja miezi sita. Likate vitalu visivyopungua saba au vinane. Kila kitalu kichungwe siku tatu hadi tano kisha kipumzike siku 25 hadi 35. Baada ya siku tano hivi nyasi iliyoliwa imeanza kutoa jani jipya, na ng'ombe hulipenda hilo kuliko nyasi nzee iliyo pembeni yake. Akilirudia, mmea unachota akiba ya mizizi mara ya pili kabla haujalipa deni la kwanza. Ndivyo nyasi nzuri zinavyokwisha shambani huku zile zisizolika zikibaki. Wakati wa kiangazi jambo hilo halipo kwa sababu nyasi haikui. Kinachotafutwa hapo ni mgao tu.

Kama nyasi asilia zimetoweka, panda Cenchrus ciliaris, ambayo wengi huiita nyasi ya bafeli. Inavumilia ukame na mwanzoni mwa kiangazi bado inalika ikiwa imesimama. Tumia kilo 4 hadi 6 za mbegu kwa hekta, uchanganye na mchanga au samadi kavu iliyosagika, kwa kuwa mbegu zake ni nyepesi na zina manyoya yanayoshikana mkononi. Zimwage juu ya udongo uliokwaruzwa kisha buruta matawi ya miba juu yake. Mbegu isizame zaidi ya sentimita moja. Kosa la kawaida ni kupanda mbegu iliyovunwa mwezi huo huo. Bafeli mbichi imelala na huota kidogo sana. Iweke mahali pakavu miezi sita hadi tisa kwanza. Usiichunge mpaka itoe mbegu mara moja.

Uzio na moto

Minyaa ndiyo ua wa miaka mingi usukumani, na panapopitika sana mkonge hufaa. Ukikata minyaa, kinga macho: utomvu wake mweupe unaweza kuumiza jicho vibaya.

Uzio wa umeme wa sola hufanya kazi vizuri ya kugawa ngitili katika kanda, yaani vipande vyembamba vinavyolishwa kimoja kimoja. Kwa ng'ombe wakubwa waya mmoja kwenye kimo cha sentimita 75 hadi 80 unatosha. Kwa ndama ongeza wa pili sentimita 45. Tatizo lake hujitokeza Agosti. Udongo ukikauka, umeme hauna njia ya kurudi kwenye mashine inayoutia kwenye waya kupitia miguu ya mnyama, naye anaupita waya kama kamba ya kawaida. Zamisha nondo tatu za mabati za mita mbili, ziachane mita tatu, mahali penye unyevu kama karibu na birika, na uzimwagilie. Kama bado haishiki, ongeza waya wa pili usio na umeme, ukiwa umeungwa na zile nondo, sentimita 20 chini ya ule wenye umeme. Mnyama akigusa zote mbili atapigwa hata akiwa juu ya udongo mkavu.

Asiye na mashine anaweza kugawa kanda kwa mchungaji makini na vigingi vilivyopakwa chokaa.

Moto ndio hasara kubwa kuliko zote, maana unachukua akiba ya miezi minne kwa mchana mmoja. Fyeka barabara ya moto mwezi Mei, kabla nyasi hazijakauka, kuzunguka eneo lote. Upana usipungue mita 5, na upande upepo unakotokea, au penye njia ya watu na mashamba yanayochomwa, fika mita 10. Ondoa nyasi ulizofyeka. Ukiziacha zikauke pale pale, barabara yenyewe inakuwa kuni. Ndani ya ngitili kubwa kata barabara nyingine katikati, ili moto ukiingia uchukue nusu.

Kuhesabu nyasi mwezi Mei

Hii ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kila kitu. Inachukua asubuhi moja na siku tano za kuanika. Unahitaji fremu ya mraba ya waya mgumu au mbao, kila upande sentimita 50 kwa ndani, mundu, viroba na mizani ndogo ya kuning'iniza inayosoma gramu.

Ingia ngitilini kati ya tarehe 10 na 31 Mei. Tembea mistari ya mshazari kutoka kona hadi kona. Kila baada ya hatua hamsini weka fremu palepale mguu ulipofika. Usichague, penye upara weka, na penye kichuguu weka. Kata kila kilicho ndani ya fremu kwa kimo cha sentimita 5, ukiacha vichaka visivyoliwa. Fanya hivyo mara 20 hadi 30. Anika majani juani, ukiyageuza, mpaka uzito uache kupungua.

Chukua uzito wote mkavu kwa gramu, gawa kwa idadi ya fremu, kisha zidisha kwa 40. Jibu ni kilo za majani makavu kwa hekta. Kwa mfano, fremu 20 zimetoa gramu 1,250 kwa jumla. Wastani ni gramu 62.5 kwa fremu. Mara 40 ni kilo 2,500 kwa hekta.

Sio zote zitaliwa. Nusu ibaki kufunika udongo na kulinda mashina. Katika nusu nyingine, karibu theluthi itapotea kwa kukanyagwa, kuchafuliwa na kinyesi, upepo na mchwa. Kinachofika tumboni ni takriban asilimia 35. Katika kilo 2,500 hizo ni kilo 875.

Sasa mahitaji. Ng'ombe wa kilo 250 hula majani makavu karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25. Panga kwa kilo 7 ili uwe na nafasi. Ng'ombe 20 wanahitaji kilo 140 kwa siku. Juni na Julai watakula mabaki ya mavuno, kwa hiyo ngitili itaanza kuliwa tarehe 1 Agosti. Usihesabu mpaka mvua zinapoanza. Hesabu mpaka wiki nne baada ya hapo, tuseme tarehe 15 Desemba. Hizo ni siku 137. Mara 140 ni kilo 19,180, na ukigawa kwa 875 unapata hekta 22, kama ekari 54.

Ikiwa una hekta hizo 22 lakini fremu zimetoa kilo 1,800 tu kwa hekta, zinazoweza kulika ni kilo 630 kwa hekta, na jumla ni 13,860. Kwa ng'ombe 20 zitakwisha ndani ya siku 99, yaani mwanzoni mwa Novemba. Nyasi hizo zinatosha ng'ombe 14 mpaka Desemba. Sita wanapaswa kuuzwa, na wakati wa kuwauza ni Juni, wakiwa wamenona na mnada una bei. Anza na ng'ombe wazee wenye meno yaliyokwisha, mitamba iliyopandwa misimu miwili bila kushika mimba, na maksai waliofikia uzito. Ng'ombe huyo huyo Oktoba anauzwa kama ngozi na mifupa, baada ya kula kilo mia kadhaa za nyasi ambazo mwenzake mwenye mimba angezihitaji. Kuuza sita Juni kunaonekana kama kupoteza, lakini bila hivyo utawapoteza sita hao hao Novemba, na pengine wengine pamoja nao.

Mpango wa kulisha kuanzia Juni

Anza na mashamba. Mabua ya mahindi na mtama, na majani ya viazi vitamu, yalishwe Juni na Julai kwa sababu yanaharibika upesi kuliko nyasi. Ng'ombe hula majani na masazo ya nafaka kwanza na kuacha mashina, hivyo wiki mbili za mwanzo katika shamba ndizo zenye chakula. Wakianza kutafuna mashina matupu, wahamishe. Majani ya karanga na kunde yana protini kubwa kuliko mabua yote. Yakusanye juu ya uchanja, uyatoe Septemba. Kama una mbuga, lile bonde la udongo mweusi linalobaki na unyevu, lichungwe baada ya mashamba, udongo ukiwa umeshakauka kiasi cha kutozamisha kwato.

Agosti unafungua ngitili, lakini kwa ukanda tu. Kwa mfano wetu wa kilo 875 kwa hekta, ng'ombe 20 wanahitaji hekta 0.16 kwa siku, yaani mita za mraba 1,600. Kitalu chenye upana wa mita 200 kinasogezwa mita 8 kwa siku. Kwa siku tatu ni mita 24, na siku tatu ni kipimo kizuri kwa asiyetaka kuhamisha kamba kila asubuhi.

Anzia upande wa maji. Ukanda wa kwanza uwe karibu na birika au lambo, na kila ukanda mpya uwe mbali zaidi. Kwa njia hiyo ng'ombe wakienda kunywa wanapita juu ya nyasi walizokwisha kula. Ukianzia upande wa mbali, kila siku watakanyaga nyasi zisizoliwa kwenda na kurudi, na kanda za karibu na maji zitakuwa vumbi kabla ya zamu yake.

Penye vichuguu vingi palishwe mwanzo. Mchwa hawangoji Oktoba.

Pima ukanda kwa kutazama kinachobaki. Ng'ombe wanapoondoka, nyasi ziwe na kimo cha sentimita 10 hivi, na ukitazama chini uone udongo kidogo tu kati ya mashina na majani yaliyolala. Zikibaki ndefu na zimekanyagwa, ukanda ni mpana mno. Ukiona mashina yametafunwa mpaka chini, ni mwembamba, na hesabu yako ya Mei ilikosea. Irekebishe siku hiyo.

Maji ni lita 30 hadi 40 kwa ng'ombe kwa siku katika joto la Septemba na Oktoba. Zebu anavumilia kunywa kila siku ya pili, lakini asiyekunywa hali nyasi kavu vya kutosha, kwa hiyo ulichookoa katika kutembea unakipoteza katika mwili.

Protini: kwa nini ng'ombe anakonda tumbo likiwa limejaa

Wadudu wadogo wasioonekana walio katika tumbo kubwa la ng'ombe ndio wanaovunja nyuzi za nyasi. Nao wanahitaji chakula chenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi. Nyasi zilizosimama zikiwa zimekauka zinashuka hadi asilimia 3 au 4 kufikia Septemba. Hapo wadudu wanapungua, nyasi inakaa tumboni muda mrefu bila kuyeyushwa, ng'ombe anahisi ameshiba na anaacha kula. Dalili utaiona kwenye kinyesi: kinakuwa kigumu, kinapangana kama sahani, na ukikivunja unakuta nyuzi ndefu. Kumwongezea nyasi hakumsaidii. Kiasi kidogo tu cha protini kinawaamsha wadudu wale na ng'ombe anarudi kula nyasi ile ile aliyokuwa ameikataa.

Katika eneo la pamba, mashudu ya pamba ndiyo suluhisho la kwanza. Nusu kilo kwa siku kwa ng'ombe mkubwa humsaidia kutokonda, na kilo moja kwa mwenye mimba au anayenyonyesha. Si lazima kutoa kila siku. Kilo moja kila baada ya siku moja hufanya kazi karibu sawa na nusu kilo ya kila siku, na wanyonge hupata nafasi zaidi horini kwa sababu fungu ni kubwa. Hori liwe na sentimita 60 kwa kila ng'ombe. Ndama wa chini ya miezi minne wasipewe. Sumu ya asili iliyomo kwenye pamba huwadhuru.

Miti inafanya kazi hiyo bila fedha. Maganda ya mgunga hudondoka kiangazi, na mkababu una tabia ya ajabu ya kupukutisha majani wakati wa mvua na kudondosha maganda nyasi zikiwa zimekauka. Kusanya, anika, yatwange, kisha toa kilo moja hadi mbili kwa siku. Yasipotwangwa, mbegu ngumu, ambazo ndimo protini nyingi ilimo, hutoka kwenye kinyesi zikiwa nzima. Maganda ya mkulagembe nayo ni mazuri, lakini mbegu nzima zinazotoka kwenye kinyesi zitakuotea kichaka ngitilini, hivyo kutwanga hapo ni lazima.

Lusina na gliricidia hupandwa kwenye mipaka, mche mmoja kila nusu mita. Lusina isizidi theluthi ya chakula cha siku, kwa kuwa ina mimosini inayonyonyoa manyoya na kuharibu tezi ya shingo ikizidi. Kilo 4 hadi 6 za majani mabichi kwa ng'ombe zinatosha. Gliricidia ina kasoro ya kudondosha majani katikati ya kiangazi inapochanua. Ikate kwa kimo cha mita moja mwishoni mwa Machi. Machipukizi mapya yatabaki na majani kwa miezi kadhaa zaidi. Ng'ombe wengine huikataa siku za mwanzo kwa harufu yake. Ianike saa 24 ilegee kwanza.

Penye molasi kwa bei nafuu, tengeneza jiwe la kulamba. Kwa kilo 100: molasi 50, pumba 25, urea 10, saruji 10, chumvi 5. Changanya urea na molasi mpaka chembe zote ziyeyuke, ndipo uongeze chumvi, saruji, na pumba mwisho. Shindilia kwenye ndoo au fremu za tofali, kausha kivulini wiki mbili. Jiwe lazima liwe gumu kiasi kwamba kidole gumba hakizami. Ng'ombe anapaswa kulilamba. Akilimega vipande, urea inaingia kwa wingi na kugeuka amonia tumboni kwa kasi. Dalili ni kutetemeka, povu mdomoni, tumbo kuvimba na kuanguka, ndani ya saa moja au mbili. Huduma ya kwanza ni siki lita 2 hadi 4 pamoja na maji mengi ya baridi, na daktari wa mifugo aitwe hapo hapo. Usimnyweshe kwa nguvu aliyekwisha kulala na kushindwa kumeza. Jiwe lisinyeshewe mvua, wasipewe ng'ombe wenye njaa kali, na ndama wa chini ya miezi sita wasilikaribie. Na kinyume cha mashudu, urea haitolewi kwa kuruka siku.

Chumvi yenye fosforasi iwepo mwaka mzima, gramu 30 hadi 50 kwa kichwa kwa siku. Ukiona ng'ombe wanatafuna mifupa, wamepungukiwa fosforasi, na mifupa ya mizoga inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, ambayo huua. Izike.

Kupanga uzazi

Ng'ombe anayenyonyesha Septemba anahitaji chakula ambacho hakuna nyasi kavu inayoweza kumpa. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, kwa hiyo dume likiingizwa kundini kuanzia Machi mpaka mwisho wa Aprili, ndama watazaliwa Desemba hadi mwanzoni mwa Februari, nyasi mbichi zikiwapo. Machi na Aprili pia ndipo mwili wa jike uko vizuri na anashika mimba. Ndama waachishwe Julai. Hapo kiangazi kizima kinamkuta mama bila ziwa la kulisha, akiwa na mimba ndogo isiyodai mengi mpaka Oktoba. Kama huwezi kutenga dume, lifunge aproni ya ngozi miezi isiyo yake, au kubalianeni na jirani mpeane zamu.

Wiki nne za mvua za kwanza

Hapa ndipo ng'ombe wengi hufa, na watu husema wameuawa na mvua. Matone ya kwanza yakishuka Novemba, ardhi inageuka kijani ndani ya siku tano. Ng'ombe wananusa machipukizi, wanaziacha nyasi kavu na kutembea kutwa nzima wakitafuta vijani vya sentimita mbili ambavyo ni maji matupu. Wanaharisha, wanapoteza nguvu walizobakiza, na usiku wa mvua baridi mnyonge hainuki. Upande wa pili, nyasi inayochipua kwa akiba ya mizizi inang'olewa kabla haijajitegemea, na msimu mzima unaofuata unakuwa dhaifu.

Kwa hiyo kanda za mwisho za ngitili zilindwe kwa ajili ya siku hizo, na kundi lisitoke humo mpaka nyasi mpya za eneo la mvua zifike sentimita 15 hadi 20. Endelea na mashudu. Usiyakatishe kwa kuwa mvua imenyesha. Jiwe la urea liwekwe chini ya paa. Kisha anza kuwatoa ng'ombe kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, asubuhi, wakiwa wameshakula nyasi kavu, uongeze kidogo kidogo kwa wiki moja.

Mashamba ya mtama ya mwaka jana yafungwe kabisa. Visiki vyake huchipua kwa mvua za kwanza, na machipukizi yaliyo chini ya kimo cha goti yana sianidi inayoua ng'ombe kwa dakika chache.

Kupe nao huamka wakati huo, na ngitili yenye nyasi ndefu ni makazi yao. Ogesha kila wiki kuanzia mvua za kwanza, hasa mitamba na ndama, kwa sababu ya ndigana kali.

Haki na usimamizi

Ngitili ya mtu binafsi ni salama zaidi ikiwa na hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ya kijiji inahitaji sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu: mipaka, tarehe za kufunga na kufungua, idadi ya mifugo kwa kila kaya, na faini. Kipengele cha idadi ndicho kinachozua ubishi mkubwa, na kukiruka ni kujenga nyumba bila paa, kwa kuwa tarehe ya kufungua ikifika mwenye ng'ombe 200 atamaliza kwa wiki mbili nyasi za wenye 10. Afadhali kubishana Mei, hesabu ya fremu ikiwa mezani.

Kila mwaka badilisha eneo linalofungwa Novemba na lile la Februari. Kata mkulagembe na vichaka vingine kabla ya mvua, chini ya uso wa udongo kwa sentimita 15, la sivyo visiki vitachipua. Kivuli cha miti kisizidi theluthi ya eneo, lakini migunga na mikababu iachwe.

Katikati ya Desemba, kundi likiwa limehamia nyasi mpya, rudi ngitilini na fremu ile ile. Pima kilichobaki katika kanda tano, andika pamoja na hesabu ya Mei, tarehe mvua ilipoanza, uzito au hali ya mwili ya ng'ombe na kilo za mashudu zilizotumika. Kama kilichobaki ni chini ya nusu ya kilichopimwa Mei, mwakani tumia asilimia 30 badala ya 35. Kisha ufunge.